Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kuchora wahusika wa magemu

Nimeamua kuweka majibu sehemu moja maana meseji ni nyingi na wengi mnauliza yaleyale, na mi sipendi kumjibu mtu "ni mazoezi tu" alafu nikanyamaza, hiyo haimsaidii mtu. Niko Dodoma, nachora wahusika wa magemu kwa penseli na kwa simu, na nilichoandika hapa ndo navyofanya. Swali lisilokuhusu ruka, nenda kwenye lako.

Dada hii michoro unakopi au unatoa kichwani?

Mhusika namtoa kwenye gemu, mengine yote yanatoka kwangu. Yani sura ya Kratos wa God of War, ndevu, ile alama nyekundu mwilini, lile shoka, hivyo sigusi, maana vikikosewa shabiki mwenzako anaona kabisa hujui unachochora. Ila amekaaje, yuko wapi, ni saa ngapi, mwanga unatoka upande gani, anawaza nini, hayo ni ya kwangu na hapo ndo kazi ilipo. Kuna wanaochukua skrinshoti na kuifuata mstari kwa mstari, sio vibaya, kama zoezi la mkono ni zuri sana na hata mi nafanya nikitaka kuelewa silaha fulani imeundwaje, ila siwezi kuiposti nikasema huu ni mchoro wangu.

Chukua God of War ya 2018. Kratos na mtoto wake Atreus wanasafiri na majivu ya mama kuyapeleka kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Gemu inakuonyesha mapigano na maongezi ya njiani. Mi nikiwa naicheza najiuliza, hivi usiku Atreus akishalala huyu mzee anakaaje? Ule mfuko wa majivu anaushika au anauweka pembeni? Hiyo picha haipo kwenye gemu, iko kwa mtu aliyecheza akaguswa, na hiyo ndo ya kuchora.

Ukipata mhusika mpya unaanzia wapi?

Naanza kwa kuangalia, penseli bado kabisa. Gemu nikiwa nayo nacheza, nisipokuwa nayo naenda banda la gemu nakaa nyuma ya wanaocheza, na wale vijana hawajui wananisaidia kiasi gani maana pigano moja wanalirudia mpaka jioni. Cha kwanza ninachotazama ni pale mchezaji anapoachia pedi. Mhusika anabaki amesimama tu lakini hatulii, kuna mjongeo waliompa waliotengeneza gemu, na mjongeo huo ndo tabia yake. Eddy Gordo wa Tekken anayumba muda wote, uzito unahama mguu huu kwenda huu. Kratos anasimama mzito, miguu mbalimbali, kifua hakijakunjwa hata kidogo. Ukishaishika hiyo umemshika mhusika kabla hujachora hata jicho.

Alafu mkono, hapa wengi wanapita bila kuangalia. Link wa Zelda kwenye magemu mengi ya nyuma ni wa mkono wa kushoto, ila kwenye Breath of the Wild ya 2017 upanga anashika kulia, kwa hiyo kabla hujachora jua unamchora Link wa gemu gani. Kratos naye ile alama nyekundu inapita jicho la kushoto na kushuka bega la kushoto, na ni kushoto kwake yeye, sio kwako unayemtazama.

Mwisho nafungua daftari naandika vitu ambavyo nikivitoa mtu hatamjua tena. CJ wa GTA San Andreas ni singlendi nyeupe, jinzi, na zile nywele fupi. Vitu vichache tu. Hivyo havibadiliki, vingine vyote nina uhuru navyo.

Wazo unalitoaga wapi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ndo maana jibu lake refu.

Wazo linakuja pale kitu cha kwenye gemu kinapogusana na kitu ninachokijua kwa macho yangu. Mfano ule mchoro wa Eddy Gordo ambao wengi mnauulizia. Eddy alitokea kwenye Tekken 3, gemu ya 1997, ni Mbrazili, anapigana kwa capoeira, mapigano ya Kibrazili yanayofanana na ngoma, na capoeira yenyewe huchezwa ndani ya duara la watu wanaoimba, wanapiga makofi na ala, na mizizi yake ni Waafrika waliopelekwa Brazil utumwani. Sasa mtu uliyekulia Dodoma ukisikia duara, nyimbo, makofi, miguu inayotimua vumbi, kichwa kinaenda wapi? Mi changu kilienda moja kwa moja kwenye muheme. Wanawake wa Kigogo na ngoma zao zimebanwa mapajani, mikono inashuka kwa pamoja. Nikasema huyu jamaa namweka katikati ya muheme.

Sikumvalisha Kigogo. Eddy abaki Eddy na dredi zake, suruali nikaipa njano na kijani za bendera ya kwao, ila duara ni la kwetu na vumbi ni la kwetu. Na hapo kazi ikawa kubwa kwa sababu nusu ya mchoro haiko kwenye gemu, ikabidi nikae niangalie muheme kwa namna ileile ninavyoangalia mhusika: ngoma inabanwa wapi, magoti yanakunjwa kiasi gani, mgongo unainama vipi mtu akipiga, mkono uliopanda unafika usawa wa nini. Ukichora ngoma imekaa chini alafu mama anaipiga kwa kuinama, mama yeyote wa Kigogo akiona atajua hujawahi kukaa kwenye duara. Gemu tunaipa heshima ya kuangalia kwa makini, na vya kwetu navyo tuvipe heshima hiyohiyo.

Sehemu nyingine inayonipa mawazo ni michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo, ukitoka Kondoa mjini kama unaenda Babati. Iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa kule akiinakili kwa mkono, jiwe kwa jiwe, na ukiona watu wale wekundu, warefu, wembamba, vichwa vyenye maumbo makubwa ya ajabu, hawana macho wala mdomo lakini unajua huyu anakimbia na huyu ameinama, unaelewa kwamba kumtambulisha mtu sio lazima uso. Niliwahi kumchora Link wa zamani na farasi wake kwa mtindo huo, wekundu wa udongo juu ya rangi ya jiwe, mwili mrefu, hakuna sura, na watu walimjua kwa ile kofia ndefu na upanga. Ukienda Kolo tafadhali usiguse michoro wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, inaharibika na haitengenezwi tena.

Kwanini unachora vile vichoro vidogo vingi kabla ya mchoro wenyewe?

Kwa sababu kwenye karatasi kubwa mkono unaogopa. Kichoro cha ukubwa wa kiberiti hakina nafasi ya kope wala kifungo cha shati, kinakulazimisha uamue mambo makubwa tu, mwili uko wapi, kichwa kinaangalia wapi, giza liko upande gani, nafasi tupu ni ipi. Najaza karatasi nzima ya hivyo. Vya mwanzo mara nyingi ni vile ambavyo kila mtu angechora, mhusika katikati anatuangalia na silaha mkononi, ndo maana siishii hapo, naendelea mpaka vianze kunishangaza mwenyewe. Kwa ule wa Eddy, kilichoshinda ni kile ambacho tunaangalia tukiwa chini, nyuma ya mama mmoja mpigaji, ngoma yake na kiwiko vimeziba kona ya picha ni vyeusi kabisa, na Eddy kwa mbali yuko kichwa chini miguu juu ndani ya mwanga. Hapo mtazamaji amewekwa kwenye duara, sio nje.

Kingine, kichoro kidogo kinakupima umbo. Kipake cheusi chote ndani, kisha muulize mtu huyu nani. Kama hakuna anayejua rudi kwenye pozi. Mario unayemjua wewe, kofia, sharubu na ovaroli, alitengenezwa hivyo kwenye Donkey Kong ya 1981 kwa sababu pikseli zilikuwa chache mno, nywele na mdomo vilikuwa shida kuonekana, wakaweka kofia juu na sharubu chini ya pua kubwa. Leo skrini zina uwezo wote huo na bado ukimpaka Mario cheusi mtoto wa chekechea anamtaja jina. Umbo likikaa vizuri hata mkono wako ukiwa bado mchanga mchoro unasomeka.

Unatumia app gani na simu gani?

Simu ya kawaida ya Android, ibisPaint X, na kalamu ya kugusa ya bei rahisi yenye kile kisahani cha plastiki mbele. Kwenye kompyuta natumia Krita, ni ya bure kabisa na haina kitu imepungukiwa. Procreate mnayoiona kwa Wazungu ni ya iPad tu, usihangaike kuitafuta kwenye Android utaishia kupakua vitu vya ajabu. Tableti za kuchorea za Huion na XP-Pen zipo za bei ya kawaida ukilinganisha na Wacom na kwa anayeanza zinatosha.

Kwa karatasi nina penseli ya HB ya kuanzia, 2B ya mistari na 6B ya giza, ufutio laini, na karatasi ya A4 nene kidogo kuliko ya fotokopi. Kiangazi hapa kwetu upepo na vumbi ni vingi, vumbi likikaa kwenye karatasi alafu ukapitisha kidole ile grafiti inachafuka huwezi kuitoa, kwa hiyo weka karatasi safi chini ya mkono wako na ukimaliza funika.

Vifaa nimejibu kifupi makusudi. Sio kwamba havina maana, ila wanaoniuliza app ni wengi mara kumi ya wanaoniuliza wazo.

Leya unazipangaje?

Leya ni kama karatasi za kioo zinazopangwa juu ya nyingine ndani ya app. Skechi chini kabisa nimeipunguza nguvu, juu yake mistari, katikati rangi tambarare, kila kitu leya yake, ngozi, nguo, silaha, nyuma. Kivuli kinakaa kwenye leya iliyowekwa mtindo wa multiply, unaotia giza rangi za chini yake, juu ya rangi na imebanwa isitoke nje ya umbo. Simu yenye RAM ndogo itakukatalia leya nyingi ukifungua karatasi kubwa, hapo unganisha zile ulizoridhika nazo, ila kabla ya kuunganisha sevu kopi. Na umeme wa kukatika tunaujua, chaji simu mapema.

Rangi zako mbona zina joto hivi, unazichaguaje?

Kwanza sizichagui. Naanza na giza na mwanga, kijivu tupu. Mchoro ukiwa haueleweki kwenye kijivu, rangi haiwezi kuuokoa hata ukimwaga zote. Kwenye simu ni rahisi, weka leya moja juu yenye rangi nyeusi na uiweke kwenye mtindo wa rangi tu (Color), utaona picha yako yote imekuwa ya kijivu, kisha iangalie ikiwa ndogo kama stempu. Uso wa mhusika unaonekana? Kama umezama kwenye nyuma yake tatizo ni hapo.

Baada ya hapo ndo joto. Mwanga wa hapa umenifundisha mengi kuliko video za mtandaoni. Saa sita mchana jua liko utosini, kivuli cha nyusi kinafunika macho, kivuli cha pua kinakaa juu ya mdomo, mtu anaonekana mkali hata kama anacheka. Mwanga huo ni mzuri kwa Kratos, ni mbaya kwa mhusika mpole. Kuanzia saa kumi na moja jioni mambo yanabadilika, jua linaingia kwa ubavu, vumbi lililobaki hewani linashika ule mwanga, kila kitu kina ukingo wa dhahabu na vivuli vinakuwa virefu, na ukiangalia vizuri kivuli sio cheusi, kina ubluu wa mbingu ndani yake. Nenda hata pale Nyerere Square muda huo utazame mtu mweusi aliyekaa pembeni ya jua, utaona shavu moja ni rangi ya machungwa na lingine lina ubluu na zambarau kwa mbali. Watu wakipaka kivuli cha ngozi nyeusi kwa kuongeza nyeusi tupu ngozi inakufa, inakuwa mkaa. Ngozi yetu inarudisha mwanga, ina mng'ao kwenye paji la uso, kwenye bega, kwenye mfupa wa shavu, chora na hiyo. Hili nalisisitiza sana kwa wachoraji wa kwetu maana mafunzo mengi ya mtandaoni yanafundisha ngozi nyeupe, na mtu anakuja kumchora CJ au Eddy kwa namna hiyohiyo alafu anashangaa mbona haikai.

Na rangi ina nguvu kuliko tunavyodhani. Scorpion na Sub-Zero kwenye Mortal Kombat ya kwanza ya 1992 ni vazi lilelile, walichobadilisha ni rangi, njano kwa huyu na bluu kwa yule, na dunia nzima ikawaona kama watu wawili tofauti wenye uadui wa damu. Kwa hiyo kabla hujambadilishia mhusika rangi ya nguo kwa sababu tu unaona inapendeza, jiulize unamgeuza kuwa nani.

Mikono inanishinda, nifanyeje?

Chora wako. Unao wa kushoto umekaa bure hapo, ushikishe kijiko, kisu, fimbo, chaja, piga picha na uchore. Ukitaka mkono ulioshika shoka shika mwiko wa ugali, ni upana unaokaribiana. Anza na kisanduku cha kiganja, kisha vidole kama kundi moja, ndo baadaye uvitenganishe.

Mchoro mmoja unakuchukua muda gani?

Skechi ya penseli jioni moja inatosha. Wa rangi wenye mandhari ya nyuma ni wiki na kuendelea. Muda mwingi hauendi kwenye kuchora, unaenda kwenye kuangalia na kuwaza, kwa hiyo wanaotaka waletewe kesho nawaambia mapema haiwezekani.

Nikifika katikati nauchukia mchoro, ni kawaida?

Ni kawaida na una dawa. Geuza mchoro kama kwenye kioo, kwenye app ni kitufe kimoja, kwenye karatasi inua dhidi ya dirisha uangalie kwa nyuma. Jicho lililokuwa limezoea linaamka, utaona uso umepinda upande au bega moja liko juu. Rekebisha kisha urudishe, na kwa mhusika kama Kratos usisahau kurudisha maana ile alama itakuwa imehamia kulia. Bado ukiona haikai, rudi kwenye kile kichoro kidogo ulichokichagua mwanzo uweke pembeni ya mchoro mkubwa, mara nyingi kuna nguvu fulani kule kwenye kidogo, mgongo uliopinda zaidi, kichwa kilichoinama zaidi, ambayo ulipokuwa unasafisha mistari uliipunguza bila kujua, irudishe. Na ulale. Macho ya asubuhi yanaona vitu.

Mama anasema kuchora mafuvu na mapepo ni ushetani. Wewe kwenu wanasemaje?

Nimeulizwa hili na wadogo zangu wengi wa sekondari na silichukulii kirahisi. Mdogo wangu, usibishane na mama. Kaa naye umweleze huyo mhusika ni nani. Wazazi wengi wanaona fuvu tu, hawajui Scorpion ni mtu aliyeuawa na familia yake ikauawa, hawajui weupe wa Kratos ni majivu ya mke na mtoto wake yaliyomganda mwilini, ni hadithi ya mtu anayebeba majuto. Ukimsimulia mzazi hivyo anaelewa maana hadithi za namna hiyo bibi zetu walikuwa nazo. Asipoelewa, nyumba ni yake, mchore Link au Zau kwanza, muda upo. Na shule isishuke.

Zau ndo nani? Na kuna magemu ya Kiafrika ya kuchora?

Zau ni mhusika wa Tales of Kenzera: Zau, ilitoka 2024 kwenye studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alianza kuiwaza baada ya kufiwa na baba yake. Imejengwa juu ya hadithi za Kibantu na unaweza kuicheza ikiwa na sauti za Kiswahili, kwa kweli nilifurahi. Kwa mchoraji ni darasa, kijana ana barakoa mbili, ya jua yenye uchungwa na ya mwezi yenye ubluu, na mchezo mzima unacheza na hizo rangi mbili, ukimchora unajifunza joto na baridi bila kutaka. Kuna pia Aurion ya Kiro'o Games ya Kameruni, ya 2016, ina nguo na mapambo ambayo utakaa nayo muda mrefu. Mashabiki wanaochora hizi ni wachache, kwa hiyo mchoro wako unaonekana, hata na waliotengeneza gemu yenyewe.

Naruhusiwa kuuza michoro ya wahusika wa magemu?

Hapa kuwa makini ndugu yangu. Mhusika ana mwenyewe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya hapa kwetu, mwenye kazi ndo mwenye haki ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, ibadilishwe au iuzwe, na hilo sio kwa kazi za Watanzania peke yake maana nchi yetu iko kwenye mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki. Kuchora kwa mapenzi na kuonyesha watu ni jambo ambalo kampuni nyingi za gemu zinalivumilia na zingine zinalifurahia kabisa, ila ukichapa tisheti mia na uso wa Mario unaingia kwenye biashara ya mtu, na Nintendo, wenye Mario wao, wanajulikana hawana mchezo kwenye haki zao. Kampuni nyingi zimeandika masharti yao kwa mashabiki kwenye tovuti, soma ya gemu yako kabla hujachapa. Mi nachouza ni kazi ya mkono ya mtu mmoja mmoja, anakuja anataka picha yake na mdogo wake wakiwa wamechorwa kwa mtindo wa zile picha za GTA, mistari mizito na vivuli vilivyokatwa, sura ni zao, nguo ni zao, na wahusika wangu niliowabuni mwenyewe. Wa kwako uliowabuni unaweza kuwapeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa kwetu, wakasajiliwa kwa jina lako, na mi nashauri kila mchoraji wa magemu awe na mhusika wake mwenyewe anayemkuza taratibu.

Bei inategemea ukubwa na idadi ya watu kwenye picha. Nusu kabla sijaanza, nusu ukipokea.

Unatumia akili mnemba?

Hapana. Kinachonifurahisha mimi ni pale ninapoamua bega liende wapi, na hicho ndo kitu ambacho ile inakifanya badala yako. Siwezi kuchorewa mapenzi yangu.

Nikiprinti rangi zinakuwa zimefifia, kwanini?

Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo zile bluu na kijani za kung'aa kama moto wa uchawi kwenye magemu printa haiwezi kuzifikia. Ongeza mwanga kidogo kwenye kopi ya kuprinti na uombe stesheneri wakutolee kipande kidogo cha majaribio kabla ya karatasi kubwa. Fungua mchoro ukiwa mkubwa tangu mwanzo, A4 ni pikseli 2480 kwa 3508, ukianza mdogo alafu ukauvuta baadaye unatoka na ukungu.

Naweza kukutumia mchoro wangu unikosoe?

Tuma, napenda sana. WhatsApp utume kama dokyumenti maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na siwezi kuona mistari. Niambie gemu gani na ni nini hasa kilikugusa kwenye huyo mhusika, sentensi moja inatosha, na uambatanishe karatasi ya vile vichoro vidogo hata kama unaona ni vibaya. Nikiviona najua ulikuwa unataka kwenda wapi, na nitakukosoa kwa kuangalia ulikotaka kwenda wewe. Kama ni wa karatasi piga picha nje kivulini, mchana, simu ikiwa juu yake imenyooka, usitumie flashi.